Ushirika, Usharika na Ushirikina: Maoni kuhusu Imani, Utoaji, Siasa na Furaha katika Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Mtu anapotaka kumfahamu mwenzake kwa upande wa dini katika mji wa Moshi au katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, aghalabu hamuulizi anaamini nini. Swali la kawaida ni "Unasali wapi?" Jibu linalotarajiwa si maelezo ya itikadi bali ni jina la mahali: Kibosho, Kilema, Nkwarungo, Kidia. Mwislamu naye huulizwa anaswali wapi, na huenda akataja Msikiti wa Riadha uliopo mjini. Kwa hakika, matamshi ya kitenzi hicho peke yake, kusali au kuswali, yamekwisha kumtambulisha mhusika hata kabla hajataja mahali. Muulizaji hana haja ya kupima uzito wa imani ya mwenzake. Anachotaka kujua ni kundi gani linalomhesabu mtu huyo kuwa wake, michango yake inapelekwa wapi, na siku atakapofariki ni nani watakaokuja kumzika.

Jambo hili dogo la matumizi ya lugha lina uhusiano na mjadala mkubwa wa sayansi za jamii. Huko Marekani, Arthur Brooks alidai mwaka 2006 kwamba watu wanaohudhuria ibada hutoa zaidi kuliko wasiohudhuria, hata kwa shughuli zisizo za kidini. Mwaka 2019 kituo cha utafiti cha Pew kilieleza kwamba asilimia 36 ya Wamarekani wanaoshiriki kwa bidii katika dini zao walijieleza kuwa na furaha sana, ilhali kwa wenye dini wasioshiriki, na kwa wasio na dini, kiwango kilikuwa asilimia 25. Kutokana na matokeo ya namna hii limezuka dai jepesi kwamba imani huzaa ukarimu, ukarimu huzaa furaha, na vyote viwili humwelekeza mtu katika siasa za aina fulani. Dai hilo husikika pia katika Afrika Mashariki, hasa mimbarani na katika majukwaa ya kampeni.

Makala haya yana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba katika Kilimanjaro kinachohusiana na utoaji, siasa na furaha si kuamini kwenyewe bali ni kushiriki, na kwamba Kiswahili kinachotumiwa huko kimeibainisha tofauti hiyo kwa muda mrefu. Ya pili ni kwamba kushiriki si jambo lisilo na gharama. Kila ushirika una mlango, na kila mlango huacha watu nje. Atakayesifu ukarimu wa waumini bila kuuangalia mlango huo atakuwa ameeleza nusu tu ya habari.

2.0 Mzizi mmoja, taasisi nyingi

Mzizi wa Kiarabu sh-r-k, wenye maana ya kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwingine, umezaa ukoo mpana wa maneno katika Kiswahili. Kitenzi chake ni -shiriki, na kwa unyambuaji hupatikana -shirikiana na -shirikisha. Kwa upande wa nomino kuna mshiriki, mshirika, shirika, shirikisho, ushirika, ushirikiano, usharika na ushirikina. Ni nadra kuona mzizi mmoja ukitawala kwa kiasi hiki nyanja za uchumi, siasa na dini kwa pamoja, na ni nadra zaidi kuona taasisi zote zinazotajwa kwa maneno hayo zikipatikana katika mji mmoja.

Moshi ni mji huo. Ushirika, kwa mkulima wa kahawa, ni chama cha msingi na chama kikuu cha KNCU kilichoundwa mwaka 1933 kurithi kazi ya chama cha wakulima wenyeji kilichoanzishwa mwaka 1925. Ushirika pia ni jina la Meza ya Bwana katika ibada ya Kikristo. Usharika, kwa Mlutheri, ni jumuiya ya waumini wa mahali pamoja wenye kanisa lao, mchungaji wao na wazee wao. Mtu wa jumuiya hiyo huitwa msharika. Mkatoliki hutumia neno parokia, lakini mapadre waliomletea dini ni wa Shirika la Roho Mtakatifu. Ushirikina, hatimaye, ni neno la kulaani. Kwa Mwislamu chimbuko lake ni dhambi kubwa kuliko zote, yaani kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kitu kingine. Katika lugha ya kila siku limepanuka na kumaanisha uganga, ramli na matambiko.

Tofauti ya umbo kati ya ushirika na usharika ni irabu moja tu, lakini irabu hiyo imebeba kazi kubwa. Imekiwezesha Kiswahili cha kanisa kuchota dhana ya kugawana mali na majukumu bila kuichanganya na chama cha kuuza mazao. Maana ya msingi haikupotea, kwani msharika si mtu anayeafiki mafundisho fulani tu. Ni mtu mwenye fungu lake katika kitu cha wote, na mwenye fungu ana haki ya kuuliza na wajibu wa kutoa.

Itasemwa kwamba Kiswahili kina pia neno imani, na kwamba hilo ndilo linalopaswa kuwekwa mbele. Hoja hiyo ina uzito, lakini semantiki ya neno lenyewe haiitii. Imani katika Kiswahili si kukubali jambo akilini tu. Neno hilo lina maana ya huruma pia: asemwaye kwamba hana imani huenda akawa mtu wa ibada kila siku, ila moyo wake ni mgumu kwa wenziwe. Kutoka mzizi huohuo wa Kiarabu kuna amana, mali iliyowekwa kwa mtu kwa kumwamini, na mwaminifu, mtu anayeweza kukabidhiwa amana hiyo. Hata imani, basi, inapotamkwa kwa Kiswahili hudai awepo mtu wa pili.

3.0 Mlima uliogawanywa

Ramani ya dini katika Kilimanjaro haikuchorwa na imani za watu binafsi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikaa Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufika Kibosho mwaka 1893. Mwaka huohuo wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi Machame, wakaenea Mamba na Moshi ya Kale. Watu walibatizwa kwa kufuata mahali walipozaliwa na misheni iliyokubaliwa na mangi wao. Ndiyo maana hadi leo Kibosho, Kilema, Uru na Rombo huhesabiwa kuwa maeneo ya Kikatoliki, na Machame, Marangu, Mamba na Mwika kuwa ya Kilutheri, ingawa katika kila eneo wapo wa upande wa pili, wapo Waislamu, na wapo waumini wa makanisa yaliyokuja baadaye.

Mmisionari aliyefikiri zaidi kuhusu jambo hili ni Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938. Gutmann alishikilia kwamba kanisa lijengwe juu ya mahusiano yaliyokuwapo tayari: ukoo, ujirani na rika. Amelaumiwa, na kwa haki, kwa kuutukuza mno utamaduni wa zamani na kuyaogopa mabadiliko ambayo Wachaga wenyewe waliyataka, kama elimu na biashara. Hata hivyo, aliona jambo ambalo watafiti wa takwimu wamelifikia baada ya miongo mingi, kwamba dini hufanya kazi yake ya kijamii kwa kupitia watu wanaofahamiana. Robert Putnam na David Campbell, katika utafiti wao kuhusu Marekani uliochapishwa mwaka 2010, walionyesha kwamba ukarimu na uradhi wa watu wa dini huelezwa zaidi na urafiki walio nao ndani ya jumuiya zao kuliko na mambo wanayoyaamini. Asiyeamini lakini ana marafiki wengi katika kanisa la mkewe huenda akajitolea zaidi kuliko mwamini asaliye peke yake.

Kwa Mchaga wa kawaida matokeo hayo si ugunduzi. Kabla ya misheni yoyote kufika, mifereji ya kumwagilia migomba ilichimbwa na kutunzwa kwa kazi ya pamoja, na asiyefika kazini aliweza kutozwa faini au kunyimwa maji. Usharika uliikuta kanuni hiyo ikiwa hai.

4.0 Utoaji: sadaka, zaka na kodi

Uwanja wa maana ya kutoa katika Kiswahili una maneno mengi yanayokaribiana: sadaka, zaka, fungu la kumi, matoleo, ahadi, mchango, harambee, ushuru, kodi. Neno zaka linafaa kutazamwa kwa makini. Kwa Waislamu, zaka ya fedha ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima, na wanaostahili kuipokea wametajwa kwa mafungu manane, maskini wakiwa wa kwanza. Zaka hiyo si hisani. Ni haki ya mpokeaji iliyomo katika mali ya mtoaji. Kwa Wakristo neno hilohilo limetumika kutafsiri sehemu ya kumi, na kwa kawaida hupelekwa kwanza kanisani. Neno ni moja, lakini njia ya fedha ni mbili: moja inaanzia na maskini, nyingine inaanzia na taasisi, kisha taasisi huamua maskini atapata nini.

Utoaji wa Kilimanjaro unaonekana vizuri zaidi katika mnada unaofanyika nje ya kanisa baada ya ibada. Asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, kuku, mayai au maziwa. Mzee wa kanisa hukinadi kitu hicho, na mara nyingi hununuliwa kwa bei ambayo isingepatikana sokoni. Pengine aliyenunua hukirudisha kinadiwe tena, au humpa mzee asiyejiweza. Mnada huo una umuhimu ambao haujapewa uzito wa kutosha. Kwa desturi kahawa ilikuwa mali ya mwanamume, na fedha za ushirika zilipita mikononi mwake, ilhali ndizi na maziwa vilikuwa katika himaya ya mwanamke. Chama cha ushirika kilimtambua mwenye shamba la kahawa. Mnada wa usharika ulimtambua mwenye mkungu. Mama ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa katika daftari la chama cha msingi aliweza kutoa mbele ya watu wote kitu kilichokuwa chake.

Historia ya taasisi hizi mbili baada ya uhuru inafundisha. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, na viliporudi katika miaka ya 1980 havikuwa na nguvu ya awali. Kuporomoka kwa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa mwaka 1989, na kisha kufunguliwa kwa soko katika miaka ya 1990, kuliwadhoofisha zaidi. Wakulima wengine waling'oa mibuni. Katika kipindi hichohicho sharika na parokia ziliendelea kujenga shule za sekondari, zahanati na makanisa mapya. Inavutia kusema kwamba moja ilikuwa na Mungu na nyingine haikuwa naye, lakini maelezo ya kawaida zaidi yanatosha. Katika makanisa mengi, kila Jumapili hutangazwa hadharani idadi ya waliohudhuria wiki iliyopita na sadaka iliyopatikana. Watoaji wanamfahamu mwekahazina, wanawafahamu wazazi wake, na jengo linalojengwa wanaliona kila wanapopita. Mkulima aliyepeleka kahawa yake chamani na kusubiri malipo ya pili au ya tatu hakuwa na Jumapili ya aina hiyo. Kilichoulinda usharika ni hesabu inayosomwa kwa sauti mbele ya wenye fungu.

Hata hivyo, sadaka haikujenga peke yake. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ilijengwa kwa misaada mikubwa kutoka ng'ambo, na kwa miaka mingi watumishi wake wamelipwa na serikali. Hospitali za Machame, Kilema, Kibosho na Huruma zina historia ya namna hiyohiyo ya kuchanganya sadaka za wenyeji, wafadhili wa nje na fedha za walipa kodi wa dini zote. Mwaka 1992 makanisa na serikali yalitiliana sahihi hati ya makubaliano kuhusu huduma za jamii, na Waislamu wengi wamelalamika tangu hapo kwamba kodi yao inakwenda kuimarisha taasisi za wenzao. Lalamiko hilo halijibiwi kwa kusema kwamba Wakristo ni wakarimu. Ukarimu wa Kilimanjaro ulianza na mtaji wa shule na kahawa ambao ukoloni haukuugawa sawasawa. Methali husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini kutoa hadi hospitali ikasimama ni moyo na utajiri pia.

5.0 Siasa: je, dini hupiga kura?

Tangu sensa ya mwaka 1967 raia wa Tanzania hawajaulizwa dini yao katika sensa. Kwa hiyo mtu yeyote anayetaja asilimia kamili za waumini wa dini hii au ile anategemea makisio au sampuli. Katiba inaitaja nchi kuwa isiyo na dini, na sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini. Hata hivyo, hakuna kampeni iliyowahi kupita bila vyama kushutumiana kwa udini, na CHADEMA, kilichoanzishwa na Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu, kimepakwa rangi ya Uchaga na Ukristo na wapinzani wake mara nyingi.

Ushahidi wa Kilimanjaro hauungi mkono dai la kwamba imani huamua kura. Mwaka 1995 Augustino Mrema, aliyekuwa amehama kutoka CCM, aligombea urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Kitaifa alipata takriban asilimia 28 ya kura, lakini nyumbani aliungwa mkono kwa wingi mkubwa, katika maeneo ya Wakatoliki na ya Walutheri vilevile. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2020 jimbo la Moshi Mjini, lenye waumini wa dini zote, liliwakilishwa na wabunge wa CHADEMA. Kama mafundisho ya dhehebu yangekuwa ndiyo yanayopiga kura, mpaka wa kura ungefuata mpaka wa misheni, nao haukuufuata. Wapiga kura hao waliunganishwa na mambo mengine: bei ya kahawa, kumbukumbu ya ushirika uliovunjwa kwa amri, na shule zilizojengwa na wazazi kisha kutwaliwa baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969.

Hapana budi kuongeza kwamba siasa haiko nje ya usharika ikisubiri kuingia. Imo ndani. Mgogoro wa miaka ya 1990 hadi 1993 katika Meru, ambao Catherine Baroin aliuchambua mwaka 1996, ulikuwa wa Walutheri kwa Walutheri. Wameru walitaka kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini yenye makao yake Moshi, na ugomvi ulihusu madaraka na rasilimali kuliko teolojia. Waliogombana waliamini mambo yaleyale na kuimba nyimbo zilezile.

Kwa upande mwingine, mazoea ya usharika huweza kumfundisha mtu kuidai serikali. Mwaka 2018, maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wakiongozwa na Fredrick Shoo aliyekuwa pia askofu wa Dayosisi ya Kaskazini, walitoa waraka wa Pasaka uliogusa katiba, uhuru wa raia na vitendo vya utekaji na mauaji. Waraka huo ulizua mvutano na serikali. Wapo waliosema kwamba maaskofu wameingilia siasa. Kauli hiyo inasahau kwamba msharika amezoea kusomewa hesabu kila Jumapili. Mtu aliyezoea hivyo kanisani si ajabu akaitaka na serikali imsomee hesabu Jumatatu.

6.0 Furaha: tatizo la tafsiri na tatizo la mlango

Katika taarifa ya dunia kuhusu furaha ya mwaka 2017, Tanzania iliwekwa nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Orodha hiyo hutokana na swali linalomtaka mtu aifikirie ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10 na kueleza maisha yake yapo kwenye kipandio kipi. Kwa upande wa dini, tafiti za kimataifa huwaweka Watanzania miongoni mwa watu wanaoithamini dini kuliko wote duniani. Ikiwa imani huzaa furaha, nchi hii ilipaswa kuwa karibu na kilele.

Mwanaisimu ana la kusema hapa. Furaha katika Kiswahili ni hisia yenye sababu: mtu hufurahi kwa jambo fulani. Raha ni utulivu wa mwili, na huenda ikawa na kivuli cha anasa. Heri ndilo neno lililochaguliwa na watafsiri wa Biblia kwa hali ya mtu aliyebarikiwa hata kama yumo katika shida, na ndilo tunu inayotolewa wakati wa kuagana. Ngazi ya watafiti haipimi heri. Aidha, anayeulizwa hali yake Moshi huweza kujibu "Tunamshukuru Mungu", kwa wingi, hata akiwa peke yake. Kujitenga na wengine na kujiweka kwenye kipandio cha tisa ni kujikweza, na kujikweza ni kukaribisha husuda. Takwimu ya furaha, kwa kiasi fulani, ni takwimu ya adabu ya lugha.

Anayetaka kuiona furaha ya Kilimanjaro aende mlimani wiki ya mwisho ya Desemba. Magari hupanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na watu husema kwa utani kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Katika kihamba cha ukoo mbuzi huchinjwa, mbege huwa tayari, kisusio huandaliwa, na nyama hugawanywa kwa kufuata nafasi ya kila mtu katika ukoo. Waislamu wa ukoo huo huwa na fungu lao, kama Wakristo wanavyokuwa na lao katika Idi. Mzee akimwaga mbege kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, mhubiri mkali ataiita hali hiyo ushirikina. Huenda kiteolojia ana haki. Kiisimu hakukosea pia: huo ni ushiriki, na wafu nao wamepewa fungu.

Lakini utani wa kuhesabiwa una upande wa pili. Anayehesabiwa huweza pia kukosekana katika hesabu. Aliyeshindwa kupata nauli, aliyeshindwa kutimiza ahadi yake ya mwaka, mjane asiye na kihamba, na kijana aliyerudi mikono mitupu, wote huijua Desemba kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi umekuwapo mjadala, katika madhehebu mbalimbali, kuhusu kumnyima mazishi ya kidini mtu aliyekuwa halipi michango. Watetezi wa desturi hiyo husema kwamba asiyeshiriki akiwa hai hawezi kudai ushirika akiwa maiti. Hoja hiyo ni fasaha, na ni ya kutisha. Inaligeuza fungu kuwa ada, na usharika kuwa klabu.

Walioachwa mlangoni hawakai bila kutafuta. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walifariki katika msongamano walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyobarikiwa. Baada ya msiba huo wapo waliowacheka marehemu kwa ujinga wao. Dhihaka hiyo haistahili. Ikiwa imani ingepimwa kwa nguvu peke yake, pasingekuwa na mahali jioni ile penye imani kubwa kuliko uwanja ule. Kilichokosekana ni ushirika. Ulikuwa umati wa watu wasiojuana, kila mmoja na shida yake, kila mmoja akitafuta fungu lake kabla halijaisha. Swali ambalo sharika, parokia na misikiti ya Moshi inapaswa kujiuliza si kwa nini watu wale waliamini vile. Ni kwa nini shida walizozibeba hadi uwanjani hazikuwa zimepata pa kutuliwa mapema zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la uhusiano kati ya imani, siasa, utoaji na furaha hubadilika likiulizwa kwa Kiswahili cha mahali husika. Kwa watafiti, hususan wanafunzi wanaoandaa hojaji, linatokana na hayo pendekezo la wazi: badala ya kuuliza tu mtu anaamini nini na kwa kiasi gani, aulizwe anashiriki wapi, pamoja na nani, anasomewa hesabu na nani, na ni nani katika kijiji chake asiyeshirikishwa. Swali hili la mwisho ndilo linaloachwa mara nyingi, na ndilo litakaloonyesha kama ukarimu unaosifiwa unavuka mlango au unazunguka ndani.

Kwa viongozi wa dini, nguvu ya kazi yao haimo katika ukubwa wa makusanyo bali katika udogo wa jumuiya zinazojuana, na katika mnada unaompa mwenye mayai matatu nafasi ya kutoa mbele ya watu. Desturi yoyote inayomfanya mtu huyo aone aibu kuja inaubomoa usharika kwa jina la kuujenga. Kwa serikali, sadaka isifanywe kisingizio cha upungufu wa kodi. Sadaka humfikia yule ambaye jumuiya inamfahamu. Kodi inapaswa kumfikia hata yule asiyefahamika na yeyote.

Kitenzi -shiriki hakihitaji kauli ya kutendesha kwa mtu aliyekwisha kuwa ndani. Kwa aliye nje, kauli hiyo ni ya lazima, kwa kuwa hawezi kujishirikisha mwenyewe. Ni lazima awepo mtu wa kumshirikisha.